Timazi na Jengo la Kona

Watu wa mtaani humwita Timazi, nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa kwangu ni shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu. Vibarua ndio waliompa jina hilo kwa sababu ya umbo lake. Ni mrefu, mwembamba, na akitembea huyumba kidogo kama kile kipande cha chuma ambacho mafundi hukining'iniza kwenye uzi kupima kama ukuta umesimama wima. Zamani jina lilikuwa la utani tu. Siku hizi wapo wanaolitamka kwa kubetua midomo. Wanasema Timazi alimuuza kaka yake kaburini ili apate cheti. Siandiki ili kugombana nao. Naandika kwa sababu mimi niliyaona haya tangu mwanzo, na jina linalotajwa vibaya ni langu pia.

Baba yao alifariki Timazi akiwa bado anabebwa mgongoni. Mume wangu ndiye aliyemlea. Alimpeleka shule mpaka darasa la mwisho la msingi, na kutoka hapo akamkabidhi karai. Kijana alianza kwa kubeba maji, akapanda akawa wa kuchanganya, akashika mwiko, na hatimaye akawa mtu wa pili kwenye kila kazi ya kaka yake. Hakuoa. Ukimuuliza anakwambia nyumba ya fundi huwa ya mwisho kuezekwa, kisha anaondoka kabla hujauliza swali la pili. Mume wangu alipofariki, nilimwambia abaki kwenye chumba chake cha mbele, lakini mlango nikautoboa upande wa barabara na ule wa uani nikauziba. Mjane na shemeji kuishi uwanja mmoja si kosa, ila sikutaka mtu yeyote apate la kusema.

Mume wangu alisifiwa kwa kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni slabu zake, zile sakafu za zege zinazobeba ghorofa. Zilikuwa laini. Wenye nyumba walikuwa wakipanda juu siku ya pili, wanainama, wanapitisha kiganja kama mtu anayepapasa kitambaa cha bei. Siku ya kumwaga zege yeye husimama juu ya mbao, mikono kiunoni, sauti inafika mtaa wa pili: "Ongezeni maji! Litembee!" Na kweli zege lilitembea. Lilijisukuma lenyewe mpaka kwenye kila pembe bila kuchokonolewa, likajisawazisha, likatulia. Vibarua walimpenda kwa hilo, maana kazi ya kutwa nzima kwake iliisha alasiri. Timazi ndiye aliyekuwa akipeleka ndoo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa wanakosea, na wao hawakuwa na sababu ya kuuliza.

Kazi yao iliyojulikana zaidi ni jengo la kona, pale barabara ya soko inapokatana na ile inayokwenda kituo cha magari. Ni la ghorofa moja. Chini ni duka la vitambaa na safu ya mafundi cherehani, juu ni ghala la marobota ya vitambaa vya mwenye jengo, ambaye mji mzima humwita Bwana Vitambaa. Mtu akiuliza mume wangu alikuwa nani, tulikuwa tunamwelekeza huko. Hakuhitaji maelezo mengine.

Basi ofisi ya ujenzi ya mji ikatoa amri kwamba kazi yoyote ya ghorofa isimamiwe na mtu aliyesomea, mwenye cheti. Haukupita muda Bwana Vitambaa akaja kwangu, akakaa kwenye kiti cha mume wangu bila kukaribishwa, kama ilivyo kawaida yake.

"Mama Mwalimu," alisema, "nataka kuongeza ghorofa ya pili juu. Na sitaki mkono mgeni upande juu ya mkono wa marehemu. Kazi ni yenu. Ila nileteeni cheti, hawa watu wa ofisini wasije wakanisumbua."

"Utasubiri?"

"Nitasubiri. Lakini nisisubiri mpaka nizeeke."

Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ituinue tena. Tangu msiba, Timazi alikuwa akiishi kwa kuziba nyufa na kupiga plasta kuta za watu, na kile kibao chetu cha getini chenye jina la mume wangu kilikuwa kimeanza kupauka. Jioni ile ile nikamwita barazani.

"Shemeji," nikamwambia, "unarudi shule."

Akacheka mpaka akashika nguzo. "Mimi na shule tuliachana vizuri, shemeji. Kila mtu akarudi kwao."

"Basi mtarudiana."

"Kwa mvi hizi? Nikae dawati moja na watoto, nikikohoa waniletee maji ya moto?"

"Wakuletee. Ukishakunywa, uandike."

Pale karibu na uwanja wa mpira kuna chuo cha jamii, kinachopokea watu wa kila umri. Wanafundisha umeme wa majumbani, ushonaji, hesabu za biashara, na teknolojia ya ujenzi pamoja na usimamizi wake. Nilikwenda mwenyewe kumwandikisha, nikamnunulia shati jeupe na mkoba. Siku ya kwanza alipoingia darasani, na lile shati na ule mkoba na ule urefu wake, wanafunzi wote wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, kaeni," akajibu kwa mazoea, kisha akapita katikati yao taratibu akaenda kukaa kwenye dawati la nyuma. Alinisimulia mwenyewe, machozi ya kicheko yakimtoka. Kuanzia hapo wakawa wanamwita Mzee wa Darasa. Aliyeongoza utani alikuwa kijana mmoja waliyemwita Helmeti, kwa sababu alikuwa havui kofia yake ngumu ya manjano hata ndani ya maktaba. Helmeti alimwekea Timazi kiti karibu yake, akamwazima rula, akamfundisha kutumia kikokotoo. Nilimpenda kijana yule. Sina haja ya kulificha hilo leo kwa sababu ya yaliyofuata.

Jumapili mchana tulikuwa tunakaa mimi na Timazi kwenye meza yangu ya chakula, nimeondoa kitambaa ili asikichafue kwa wino. Uwiano ulimsumbua. Asilimia zilimsumbua zaidi. Kilichomfurahisha ni somo la usimamizi. Walifundishwa kuchora kazi zote za jengo kwa mistari, kila kazi na siku zake, ili ionekane nani anamsubiri nani. Aliukodolea macho mchoro wa kwanza kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo yale matusi yote niliyowatukana mafundi bomba miaka yote," akasema, "yalikuwa yanaingia kwenye mstari mmoja wa penseli?"

"Na wao matusi yao kwako?"

"Yangeingia kwenye huu wa pili."

Siku zile nilikuwa nikimwona ana furaha ambayo sikuwahi kuiona hata kaka yake alipokuwa hai. Alikuwa akipita mtaani na mkoba wake, anasalimia watu wasiomjua.

Kisha likaja somo la maabara. Mwalimu wake alikuwa mwanamke kijana ambaye wanafunzi walimwita Injinia, mpole, asiyependa kupandisha sauti. Siku hiyo aliwaambia kila mmoja achanganye zege kama alivyozoea kulichanganya kazini, alijaze kwenye visanduku vya chuma, likauke liwe michemraba, na ikifika siku yake wataiponda kwa mashine waone ipi ina nguvu. Timazi alichanganya kwa mkono wa nyumbani kwetu. Likatembea kwenye visanduku lenyewe, darasa zima likapiga makofi.

Siku ya kuponda, Helmeti alikuwa ameshatangaza kuwa mashine ya chuo itavunjika ikifika kwenye jiwe la Mzee. Wakaponda ya vijana kwanza. Mshale wa mashine ulipanda, jiwe likalia, likapasuka, wakaandika. Ilipofika zamu yake, mshale haukufika hata nusu ya nguvu inayotakiwa kwa slabu. Jiwe likamomonyoka. Hata mlio halikutoa.

"Mashine haijakaa sawa," alisema Timazi.

"Tuweke lingine," akasema Injinia.

La pili likaenda vile vile. La tatu pia. Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Injinia alichukua kipande akamwonyesha matundu madogo madogo ndani yake.

"Saruji ina kiasi cha maji inachokihitaji, mzee. Yanayozidi hayakai humo. Yanaondoka, na yakiondoka yanaacha haya."

"Lakini juu ni laini. Pitisha mkono."

"Ule ulaini ni unga wa saruji. Umepanda juu na maji, huku chini ukabaki mchanga na kokoto bila cha kuzishika."

Alirudi nyumbani akanikuta kwenye bomba la uani naosha vyombo. Akasimama upande wa pili wa ukuta mfupi, mkoba bado begani, akanieleza yote bila kupumzika. Nikamwambia mashine za shule huwa mbovu, nimefundisha shule muda wa kutosha kulijua hilo.

"Hata mimi nilimwambia hivyo," alisema. "Akaweka lingine, na lingine."

Kila mwanafunzi anayemaliza hutakiwa achague jengo moja lililosimama, alikague, aandike ripoti na kuitetea mbele ya walimu. Bila ripoti hakuna cheti. Timazi alikuwa ameshajiandikisha tangu mwanzo wa muhula: jengo la kona, kuona kama linaweza kuongezwa ghorofa. Ilikuwa akili yangu hiyo. Nilitaka asome na huku anaandaa kazi ya Bwana Vitambaa, mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Bwana Vitambaa alifurahi kuliko sisi. Alisema chuo kizima kije kijifunze kwake.

Siku ya ukaguzi nilikwenda. Nilikuwa na gauni kwa fundi wangu wa cherehani pale chini, mama mmoja mnene mwenye maneno, aliyekaa mashine ya kwanza kutoka mlangoni. Nikakaa kwenye benchi lake. Timazi alikuja na nyundo ya chuo, si nyundo ya kupigia, ni kama bomba fupi lenye springi ndani. Unaisukumiza kwenye zege, chuma kinagonga na kurudi nyuma, na kadiri kinavyorudi kwa nguvu ndivyo zege lilivyo imara. Kuna namba unaisoma pembeni. Alipanda ngazi akaanza na dari juu ya vichwa vyetu.

"Timazi," fundi cherehani akapaza sauti, "dari inaumwa? Mbona unaichoma sindano?"

"Napima presha."

"Ikiwa juu usituambie, tuna nguo za watu hapa."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Akagonga mahali pengine. Akagonga tena. Akashuka, akasogeza ngazi, akapanda. Nilimwona anaandika, anafuta, anarudi pale pale alipotoka. Mafundi cherehani waliendelea kumtupia maneno lakini hakuyajibu tena. Mwisho alikwenda kwenye nguzo ya nyuma, karibu na stoo, mahali plasta ilipokuwa imebanduka. Alitoa msumari mfukoni, akakwaruza taratibu kama mtu anayejikuna, na mchanga ukamiminika kwenye kiganja chake. Akaukunja mkono na kuuingiza mfukoni.

Tulirudi kwa miguu. Tukafika getini, mkono wake bado mfukoni.

"Halibebi," alisema. "Hata lililopo sasa halipaswi kubeba yale marobota. Kuongeza ndiyo kabisa."

"Chagua jengo jingine," nikamwambia.

"Shemeji."

"Lipo ghala la nafaka kule nyuma ya soko. Hukulijenga wewe wala yeye. Likague hilo, pata cheti chako."

"Halafu? Nikishapata cheti kwa ghala la watu, nirudi nimjengee Bwana Vitambaa ghorofa juu ya hili?"

"Utamwambia una kazi nyingi."

"Atamwita mwingine." Alifungua kiganja. Mchanga ulikuwa bado umenata kwenye jasho. "Huyo mwingine hajui kuna nini ndani. Mimi najua. Maji niliyabeba mimi."

Niliingia ndani nikakaa. Nilikuwa na mume mwaminifu. Hakuwahi kumpunja mtu mfuko wa saruji, hakuwahi kuiba nondo, na mafundi wanaofanya hivyo mji huu wamejaa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia. Nilijiuliza kama jina lake linalindwa kwa kunyamaza, na nikaona kwamba siku jengo likishuka halitashuka kimya kimya. Litataja aliyelijenga. Na watu watauliza kama waliobaki walijua.

Jumapili akaniletea ripoti nimsahihishie lugha. Kila mahali alikuwa ameandika "fundi wa awali". Fundi wa awali alitumia maji mengi. Fundi wa awali hakuwa na mafunzo. Nikaweka kalamu chini.

"Fundi wa awali ana jina."

"Nimemstahi kaka."

"Kumficha si kumstahi. Andika jina lake lote, na andika kwamba hakudhulumu mtu, alifanya alivyojua, na kwamba familia yake ndiyo iliyopima na kusema. Hayo yote yawe kwenye karatasi."

Aliivuta ripoti kwake. Kisha akachukua kalamu yangu, akaandika jina la kaka yake, na chini yake akaandika la kwake. Msaidizi wa fundi, aliandika.

Aliitetea vizuri. Injinia aliniambia baadaye, tulipokutana getini kwa chuo, kwamba hawajapata ripoti kama ile. Alifaulu. Lakini kabla hata cheti hakijatoka tulikuwa tumeshakwenda ghalani kwa Bwana Vitambaa na nakala, mimi na yeye, maana haikufaa alisikie kwa watu.

Bwana Vitambaa aliusoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa mwisho, akaiweka chini ya chupa ya soda.

"Slabu hii," akasema, akikanyaga sakafu ya ghala, "imebeba marobota yangu tangu watoto wangu wanatambaa. Leo umeigonga kwa nyundo ya kuchezea, umeambiwa ni mbovu?"

"Punguza mzigo kwanza, bwana mkubwa," Timazi akamwambia. "Kuna njia za kuikaza nguzo. Nimeziandika humo. Ila kuongeza ghorofa, hapana."

"Kaka yako angekusikia!"

"Angenisikia angekuja kuangalia."

Akanigeukia mimi. "Mama Mwalimu, huyu anamtukana mumeo na wewe umekaa tu?"

"Ameandika mbele yangu," nikamjibu. "Na lugha nimeisahihisha mimi."

Alitutoa kwa heshima, sitamsingizia. Ila kufikia jioni mji ulikuwa na hadithi yake: Timazi alikuwa na kijicho na marehemu tangu zamani, na alipoona hawezi kumfikia kwa kazi, akamsubiri afe amchafue kwa kalamu. Wengine waliongeza kwamba mjane ndiye aliyemtia maneno. Hilo la mwisho lilinifikia kanisani, likisemwa nyuma yangu na watu ambao watoto wao niliwafundisha kusoma.

Kisha wakaanza kuja wenye nyumba ambazo ndugu wawili walizijenga. Walisimama nje ya mlango wa Timazi, wasiingie. "Na ya kwangu je?" Akawajibu ukweli: "Sijui. Naweza kuja kupima." Hakuna hata mmoja aliyetaka ipimwe. Walitaka aseme ni nzima. Aliposhindwa kusema hivyo, waliondoka, na kazi ndogo ndogo za plasta walizokuwa wakimpa zikaondoka nao. Kibao cha getini nilikitoa mwenyewe mchana kweupe, watu wakinitazama, kabla hakijaandikwa upuuzi na mtu. Nimekifunga kwenye shuka safi.

Injinia aliandika barua kwa ofisi ya ujenzi kwa jina lake na cheo chake. Mimi niliifuata ile barua dirisha kwa dirisha, mpaka karani mmoja akawa ananikimbia. Waliniambia ripoti ya mwanafunzi si hati, na barua ya mwalimu ni maoni. Mwisho wakamtuma afisa. Alifika jengo la kona, akanywa soda na Bwana Vitambaa, akaipiga nguzo ya mbele makofi mawili ya kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe, akaondoka. Mirunda ya kujengea ghorofa ikaanza kushushwa kutoka kwenye lori wiki hiyo hiyo.

Tulijua kungekuwa na msimamizi mwenye cheti. Hatukujua ni nani mpaka Timazi alipomwona juu ya jengo, na ile kofia ya manjano. Alikwenda kumwona. Nilikuwa naye, nilikuwa natoka sokoni.

"Mzee wangu!" Helmeti alishuka haraka, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa na haya, niliiona. "Nilikuwa nije nyumbani."

"Ungekuja kunywa chai."

"Mzee, nisipolifanya mimi atalifanya mwingine, na huyo mwingine atachanganya ovyo. Mimi angalau nimesoma."

"Uliyaona yale mawe yangu kwenye mashine."

"Niliyaona."

"Uliyaona matatu."

Helmeti alivua kofia akajifuta jasho. Sikuwahi kumwona kichwa wazi kabla ya siku hiyo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. "Nina mama na wadogo zangu," alisema. "Na hii ni kazi yangu ya kwanza. Nimemwambia ahamishe marobota, amekataa. Unataka nifanyeje? Nirudi kubeba karai?"

Timazi akaniashiria twende. Nadhani jibu pekee alilokuwa nalo lilikuwa limemgharimu yeye mwenyewe kila kitu, na hakuweza kumwomba kijana alipe vile vile.

Siku walipomwaga zege la juu, tulisimama ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyepaza sauti ya kuongeza maji. Helmeti alikuwa akipima kwa ndoo iliyotiwa alama, anakataa mchanganyiko uliolegea, anarudisha toroli chini. Walilisukuma zege kwa koleo na kulitikisa kwa mashine, kazi ngumu, vibarua wakinung'unika. Tonge moja lilidondoka kando ya barabara. Timazi alivuka, akaliokota, akalifinyanga kiganjani, akaliangalia kwenye mwanga.

"Hili ni zege safi," aliniambia aliporudi. "Kapatia kila kitu." Akaendelea kulishika. "Ni zito sana."

Cheti cha Timazi kilitoka pamoja na cha Helmeti. Kipo kwangu, ndani ya bahasha, kwa sababu yeye hakutaka kikae chumbani mwake. Siku hizi anapiga plasta mbali na hapa, mahali wasipomjua, analipwa kwa siku, na hasemi kwamba amesoma. Akipata nafasi hupitia jengo la kona kuwaambia mafundi cherehani wahame. Mwanzoni walimcheka, kisha wakamkasirikia, sasa wanamwitikia "haya, baba" bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. Nguzo ya nyuma imepigwa plasta mpya. Imepakwa rangi ya maziwa.

Mmoja tu ndiye aliyesikia, yule mama fundi wangu. Nilimpa baraza yangu bure, akahamisha mashine yake, akaweka na kioo cha kujipimia. Ni miezi sasa. Wateja hawamfuati, wanasema huku ni mbali na soko, na wengine nadhani hawapendi kuonekana wakiingia kwangu. Jana alizima mashine mapema, akakunja vitambaa vyake, akaniambia kwa upole kwamba mwisho wa mwezi atarudi kule kona, nafasi yake bado ipo, wamemwekea. Timazi alikuwa amekaa ngazini anaosha miiko yake kwenye beseni. Alimsikia. Aliendelea kusugua mwiko ule ule, na yote ambayo ningemwambia mama yule alikuwa ameshaambiwa.